Mfalme, Askari na Namba ya Mashine

Wanangu, tulieni niseme. Jambo hili nimelisema mara nyingi, baadhi yenu mkiwa bado hamjafika kimo cha meza, na leo nalirudia kwa sababu naona halijashika.

Mchezo wa sataranji ukiisha hamuutazami ubao tena. Mnatazama simu. Mnaingiza nafasi ya mwisho, injini, yaani programu ya kucheza, inahesabu sekunde chache, namba inatokea, na mazungumzo yamekwisha. "Mzee, nilikuwa juu kwa mbili nukta nane." Nikiuliza mbili nukta nane za nini, nyuso zinainama. Nikiuliza mfalme alipaswa kwenda kulia au kushoto, na kwa nini, hakuna ajuaye, maana simu haikusema kwa nini. Hilo ndilo linaloniumiza. Kushindwa kwenu hakuniumizi, kushindwa ni sehemu ya mchezo. Ninachosikitikia ni kwamba mnaondoka mezani na jibu mkononi, maarifa mmeyaacha palepale.

Sina ugomvi na mashine. Nimekaa Kileleshwa, hapa Nairobi, tangu siku za nyumba za serikali zenye paa za vigae na bustani pana. Nimeziona zikibomolewa moja baada ya nyingine na ghorofa zikipanda, kuanzia Othaya Road hadi Mandera Road, na sikuwahi kukichukia kitu kwa sababu tu ni kipya. Injini iliyo kwenye simu yako ina nguvu kuliko bingwa yeyote wa dunia aliyewahi kuishi. Nakubali bila ubishi. Lakini nguvu yake ni jambo moja, na namba inayokuonyesha ni jambo jingine, na mambo hayo mawili huachana mbali sana pale ubao unapobaki na wafalme na askari peke yao.

Tuanze na namba, ilikotoka. Mwaka 1950 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha makala ya kueleza jinsi kompyuta inavyoweza kucheza sataranji. Alipendekeza mashine ijumlishe: mfalme 200, malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1. Kisha ipunguze nusu kwa kila askari aliyetengwa na wenzake, au aliyeachwa nyuma, au aliyesimama mgongoni mwa mwenzake kwenye mstari uleule, na iongeze sehemu moja ya kumi kwa kila hatua halali ambayo upande unaweza kupiga. Mwenyewe aliitoa kama mfano wa kuanzia tu.

Watunga programu waliomfuata waliongeza vipengele juu ya vipengele, kwa zaidi ya miaka hamsini. Mfalme alipewa majedwali mawili: moja la katikati ya mchezo, linalomsifu akijificha pembeni nyuma ya askari wake, na jingine la mwisho, linalomsifu akitoka kwenda katikati. Kadiri vipande vikubwa vinavyoliwa, programu inahama taratibu kutoka jedwali la kwanza kwenda la pili. Askari huru, yule asiye na askari wa adui mbele yake wala ubavuni mwa njia yake, alizidishiwa thamani kila alipopiga hatua, na thamani hiyo ikapimwa pia kwa umbali wa wafalme wote wawili kutoka alipo. Na kwa kuwa umbo la askari hubadilika mara chache, hesabu yake iliwekwa akibani ili isirudiwe bure. Yote hayo ni kazi ya watu wenye akili na subira. Lakini ni makisio. Yanasema kwamba kwa kawaida hali ya namna hii ni nzuri. Hayasemi kwamba hapa unashinda.

Na kwenye mwisho wa mfalme na askari hakuna kitu kinachoitwa hali nzuri kidogo. Kuna kushinda, kuna sare, kuna kushindwa, basi.

Wekeni hii ubaoni sasa hivi. Mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Wafalme wanatazamana, mraba mmoja kati yao. Kama ni zamu ya mweusi, amekwisha: atasogea upande mmoja, mweupe atapita upande wa pili, na askari atafika salama. Kama ni zamu ya mweupe, ni sare, acheze atakavyo, kwa sababu kila akisogea mweusi anarudi kumtazama usoni. Vipande ni vilevile na miraba ni ileile. Mashine inayojumlisha vipande itasema mweupe yuko juu kwa askari mmoja katika hali zote mbili. Ukweli ni kwamba huku kuna ushindi na huku hakuna kitu.

Sababu yake iko kwenye zamu. Kwingine mchezoni, kwa kawaida, zamu ni neema. Hapa inaweza kuwa balaa, maana huruhusiwi kukaa kimya. Programu nyingi zina ujanja mmoja: hujiuliza, "Nikiiacha zamu yangu ipite na bado niko vizuri, ya nini kuhangaika na tawi hili?" kisha hulikata tawi hilo na kuokoa muda. Ujanja huo ni miongoni mwa mambo yaliyozipa injini kasi yake. Ubao ukibaki na wafalme na askari, ujanja huohuo unageuka uongo, kwa sababu kuacha zamu ndiko hasa anakokutamani anayesongwa. Kwa hiyo watunga programu huuzima pale ambapo mwenye zamu amebakiwa na mfalme na askari tu. Lisikilizeni vizuri hilo. Mashine yenyewe, ikifika hapa, walioitunga wanailazimisha kuiacha njia ya mkato. Nyinyi mkifika hapa ndipo mnapoanza kuitafuta.

Na ile hali ya askari mmoja walitatuaje? Hawakukisia. Waliihesabu yote. Askari anaweza kusimama kwenye miraba 48, kwa kuwa hakai safu ya kwanza wala ya mwisho, na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubao unafanana na wa kulia, inatosha kutazama 24. Mfalme mmoja ana miraba 64, mwenzake 64, na zamu ni mbili. Zidisheni, mtapata hali 196,608, na humo zimo hata zile zisizowezekana. Kila hali inahitaji jibu moja, ushindi au si ushindi, na jibu hilo linakaa kwenye biti moja. Jumla yake ni kilobaiti 24, kidogo kuliko picha mnazotumiana kwenye WhatsApp. Stockfish, injini mnayoitumia wengi wenu, kwa miaka mingi ililijenga jedwali hilo upya kila ilipowashwa. Ilianza na hali ambazo jibu lake liko wazi, askari ameliwa au amegeuka malkia salama, kisha ikarudi nyuma hatua kwa hatua ikizitia alama zile zinazoelekea huko, mpaka pasibaki hali ya kubadilika.

Nyinyi hamhitaji hali laki mbili. Mnahitaji kanuni chache. Askari akiwa e4, mfalme wake akisimama d6, e6 au f6, ni ushindi bila kujali zamu ni ya nani, ilimradi askari mwenyewe haliwi. Askari wa pembeni kabisa, mfalme wa adui akiwahi kona iliyo mbele yake, ni sare. Mfalme atangulie, askari afuate. Mtoto wa miaka tisa huyashika hayo kwa mchana mmoja, nami nimewaona wakiyashika. Nimewaona pia vijana wa kidato cha nne, wenye programu tatu kwenye simu, wakimsukuma askari mbele ya mfalme wake na kugawana pointi iliyokuwa yao yote.

Kuna kanuni nyingine mnayoijua nusu, ya mraba. Chora mraba kuanzia alipo askari huru hadi safu ya mwisho. Mfalme wa adui akiweza kuingia ndani yake atamkamata, asipoweza askari atageuka malkia. Programu nyingi ziliandikiwa kanuni hii moja kwa moja. Sasa tazameni alichokifanya Richard Réti wa Chekoslovakia mwaka 1921. Mfalme mweupe h8, askari wake c6. Mfalme mweusi a6, askari wake h5. Zamu ya mweupe. Mfalme mweupe yuko nje kabisa ya mraba, na askari wake mwenyewe yuko kinywani mwa mfalme mweusi. Kwa kanuni tupu, mweupe ameshindwa. Lakini mfalme huyo anashuka kwa mshazari, g7, f6, e5, na kila hatua inamsogeza karibu na askari wa adui na karibu na askari wake kwa wakati mmoja. Mweusi akishughulikia moja, jingine linampita. Sare. Injini ya leo inaliona hilo papo hapo kwa sababu inazisogeza hatua zote hadi mwisho. Aliyekariri kanuni bila kuzisogeza hatua kichwani atakosea palepale ambapo kanuni ingekosea peke yake.

Nami nataka mkae zaidi na nafasi ya tatu, kwa maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni ya Emanuel Lasker, bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921, na Gustavus Reichhelm, nayo ni ya mwaka 1901. Reuben Fine aliiweka kwenye kitabu chake cha miisho cha 1941 kama mchoro namba 70, na kwa namba hiyo watunga programu wanaijua hadi leo. Mfalme mweupe a1, askari wake a4, d4, d5 na f4. Mfalme mweusi a7, askari wake a5, d6 na f5. Mweupe anaanza.

Tazameni: hakuna askari anayeweza kusogea. Wote wamefungana. Wafalme peke yao ndio wanaotembea, na mweusi ana malango mawili ya kulinda, moja upande wa kushoto kwenye b5, jingine upande wa kulia, mweupe akizunguka kupitia h4 na g5. Mweupe ana hatua tatu za kuchagua mwanzoni, na moja tu inashinda: mfalme kwenda b1. Akienda b2, au akienda a2, ushindi umepotea. Kila mraba wa mfalme mweupe una mraba wake pacha upande wa mweusi, na anayelazimika kuuacha mraba wake pacha kwanza ndiye anayefunguliwa lango. Lasker na Reichhelm waliligundua hilo bila umeme wowote, kwa kuandika namba kwenye miraba.

Kwa mashine za zamani nafasi hii ilikuwa mlima. Ushindi uko mbali, zaidi ya hatua ishirini ukihesabu za pande zote mbili, na muda wote huo hakuna kinacholiwa, kwa hiyo namba haisogei. Ukiitazama namba utadhani hakuna kinachotokea. Kilichoiokoa mashine ni kumbukumbu. Hesabuni nami: askari wamekwama, wafalme wawili kwenye miraba 64 kila mmoja, zamu mbili. Kabla ya askari wa kwanza kuliwa, hali zote zinazowezekana hazifiki 8,192. Ni chache mno. Programu isiyokumbuka ilikuwa ikizifikia hali hizohizo kwa njia mamilioni na kuzihesabu upya kila mara kana kwamba ni ngeni. Programu ilipopewa jedwali la kukumbuka ilichokwisha kukihesabu, mlima ukaondoka. Ndiyo maana mpaka leo mtu akitunga injini mpya huipa nafasi hii kuijaribu kumbukumbu yake. Mashine ilipata nguvu ilipoacha kusahau, wanangu. Nanyi, nikiwauliza wiki hii nafasi tuliyoichambua wiki iliyopita, mnaniomba nisubiri mwashe simu.

Mtaniambia sasa kuna majedwali ya miisho, kila kitu kimehesabiwa. Si kila kitu. Monroe Newborn alieleza mwaka 1977 programu aliyoipa jina PEASANT, iliyocheza miisho ya wafalme na askari tu, na tangu wakati huo watu wamekwenda mbali. Mwaka 2012 wataalamu wa Urusi waliitumia kompyuta kubwa ya Lomonosov ya Chuo Kikuu cha Moscow kuhesabu miisho ya vipande saba, wafalme wakiwemo. Majedwali ya Syzygy aliyoyatunga Ronald de Man mwaka 2013 yanaweka miisho yote hadi vipande sita kwenye gigabaiti 150 hivi, na ya vipande saba yaliyokamilika mwaka 2018 yanakula karibu terabaiti 17. Hayo yanasema ukweli mtupu, na tovuti ya Lichess inakuruhusu kuyauliza bure. Lakini mwisho wa kawaida kabisa wa askari watatu kwa watatu una vipande vinane. Nafasi ya Lasker ina tisa. Hapo jedwali halina neno, na injini inarudi kwenye kuhesabu na kukisia.

Walinzi wa malango yetu, wale wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya miti, wana mchezo ulio ndugu wa wao ambao umekwisha kutatuliwa wote. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza mwaka 2007 kwamba drafti ya sheria za Kiingereza, wote wakicheza bila kosa, ni sare. Sataranji haijafika huko. Na kila nikipita malangoni nawasikia wazee wale wakihesabu kwa sauti: nikila hapa, unakula kule, nakula mbili, umebaki na nini? Wanahesabu hadi mwisho. Nawaheshimu kwa hilo.

Siku hizi hata ile orodha ya vipengele imeachwa. Stockfish 12, iliyotoka Septemba 2020, ilianza kutumia mtandao wa neva uliojifunza kwa kupitishwa kwenye nafasi nyingi mno, na kufikia toleo la 16.1 la Februari 2024 tathmini iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa imeondolewa kabisa. Namba nayo imebadilika maana. Tangu toleo la 15.1, Desemba 2022, moja haimaanishi tena askari mmoja. Inamaanisha kwamba injini ikicheza na injini kutoka hali hiyo, uwezekano wa kushinda ni nusu. Nusu! Ninyi mnaisoma moja kama mali iliyo mfukoni. Kwenye mwisho wa askari, nusu ina maana kwamba mashine bado haijaufikia ukweli, au imeukisia. Iacheni dakika moja zaidi mtaiona ikiruka juu au ikianguka kwenye sufuri. Hapo ndipo imehesabu.

Basi nawaagiza nini? Kwanza, nafasi yoyote ya wafalme na askari, andikeni jibu lenu kwa kalamu kabla ya kuwasha kitu: ushindi, sare au kushindwa, na hatua ya kwanza, na sababu. Halafu ulizeni mashine, na ikisema tofauti msiandike namba yake, tafuteni hatua mliyoikosa. Pili, kabla ya kubadilishana ngome ya mwisho, simameni. Hapo ndipo michezo mingi inapopotea, kwa sababu ngome ikishaondoka hakuna tena nafasi ya kurekebisha. Hesabuni hadi mwisho kwanza, ndipo mle. Tatu, hesabuni zamu, za kwenu na za adui, hatua za akiba za askari moja moja. Hakuna kazi ngumu hapo. Ni kazi ya uvumilivu, na uvumilivu ndio mnaoukimbia.

Maana ukumbini mwa mashindano simu haiingii. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ukikutwa nayo bila ruhusa unaweza kupoteza mchezo hapohapo. Kenya Open ya Aprili 2023 hapa Nairobi ilikusanya wachezaji zaidi ya 400 kutoka mashirikisho 22, na saa ya nne ya mchezo, mtu amechoka, amebaki na sekunde thelathini, malkia wameondoka, ngome zimeondoka, anabaki na anachokijua.

Tazameni Kampala: mtaa wa Katwe, mwalimu Robert Katende aliwakusanya watoto kwa uji na ubao wa sataranji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012 na kupata cheo cha FIDE. Watoto wale hawakuanza na namba kwenye kioo. Walianza na mwalimu, ubao, na swali. Sisi Kileleshwa tuna meza, tuna umeme, tuna intaneti, na watoto wetu wanaogopa kukaa dakika kumi na nafasi moja.

Kwa hiyo nawageukia walimu wenzangu na wazazi. José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia aliyempokea Lasker kiti mwaka 1921, alishauri mchezo ufundishwe kuanzia mwisho wake, na sijaona sababu ya kumpinga. Msimpe mtoto ufunguzi wa hatua kumi na tano wa kukariri. Mpeni mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme, wiki nzima, akicheza upande huu na upande ule, injini ikiwa imezimwa. Wiki ya pili mpeni Réti. Lasker na Reichhelm mpeni pale atakapowaomba mwenyewe, na mkae naye mpaka aiandike miraba pacha yote kwa mkono wake.